Kijibwa kikikojoa sebuleni, weka ndara chini



Kuna aya za Biblia ambazo wahubiri wengi huzipita mbio. Mojawapo imo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, kuanzia aya ya 12, pale Mungu anapowapa Waisraeli maagizo kuhusu choo. Watenge mahali nje ya kambi. Kila mmoja awe na kifaa cha kuchimbia pamoja na vyombo vyake vingine. Akimaliza haja yake, afukie. Kisha wanaelezwa sababu: Bwana hutembea katikati ya kambi yao, kwa hivyo kambi haifai kuwa na uchafu.

Ukiisoma polepole utaona mpangilio wake. Watu wanaonyeshwa mahali, wanapewa kifaa, wanaelezwa sababu. Hawa walikuwa watu wazima wenye akili timamu, na bado Mungu hakuona aibu kuwafundisha jambo ambalo wewe na mimi tungedhani kila mtu alizaliwa akilijua.

Nimekuwa nikiitafakari aya hiyo tangu majuzi, mama mmoja aliponivuta kando baada ya ibada. Nilidhani ni mambo ya ndoa. Kumbe ni mbwa.

Familia yake inaishi hapa Nairobi katika nyumba ya ghorofa, orofa ya tatu. Watoto walikuwa wamelilia mbwa kwa muda mrefu, na likizo ilipofika baba akalegea, akaleta kijibwa cha aina ya Maltese, cheupe kama pamba, chenye umri wa wiki nane. Wiki ya kwanza ilikuwa ya picha tu. Kufikia wiki ya nne, zulia la sebuleni lilikuwa limeoshwa mara sita, yaya ametangaza kwamba ataondoka mwisho wa mwezi, na baba ana desturi mpya: akikuta kidimbwi, anamshika mbwa shingoni, anamsukumia pua kwenye mkojo, kisha anamchapa kwa ndara.

"Siku hizi akisikia tu funguo mlangoni, anakojoa," mama akaniambia. "Mchungaji, huyu mbwa ni mkaidi ama ana pepo?"

Hana pepo. Wala si mkaidi. Na kwa kuwa najua si nyumba hiyo moja tu yenye shida hii, niruhusu leo tuzungumzie mkojo wa mbwa, siku ya Bwana, bila kuona haya. Kama Musa aliweza, sisi ni nani?

Wengi wetu tulilelewa na mbwa, lakini walikuwa mbwa wa nje. Simba na Bosco walilala chini ya ghala, wakala makombo ya ugali, wakabweka usiku, na haja zao zilikuwa siri kati yao na migomba. Hakuna nyanya aliyewahi kumfundisha mbwa choo, maana hapakuwa na haja. Ndiyo maana mtu wa kizazi chetu anapomleta mbwa juu ya zulia, hana urithi wowote wa maarifa wa kumwongoza. Anachukua kile kidogo alichokiona kwingine, yaani ndara, na kukitumia kwa kiumbe asiyejua hata kwamba kuna kosa.

Wapo watakaosema dawa ni kumtoa mbwa nje, kwamba mbwa ndani ya nyumba ni mambo ya wazungu na hayamhusu Mkristo Mwafrika. Sibishani nao sana. Mwenye boma lenye ua na mbwa mwenye manyoya mazito, na amlaze nje kwenye kibanda kisichovuja. Ila yule mama Mkanaani wa Mathayo 15, alipomjibu Yesu kuhusu makombo yanayoanguka mezani, neno la Kigiriki lililoandikwa pale lina maana ya vijibwa, mbwa wadogo wa nyumbani, na walikuwa chini ya meza. Hakuna mahali katika habari hiyo ambapo Bwana aliuliza walikuwa wakifanya nini ndani.

Sasa tumwangalie mnyama mwenyewe. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Madaktari wa mifugo hutumia kadirio rahisi: takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili, saa mbili. Wa miezi mitatu, saa tatu. Na hapo ni akiwa ametulia. Akiwa macho anarukaruka na watoto, hata nusu saa inaweza kuwa nyingi. Misuli ya kuzuia haja hukomaa kuanzia miezi minne hadi sita, na wale wa aina ndogo wengine hukaribia mwaka mmoja kabla hujaweza kuwaamini kabisa. Maltese aliyekomaa hafikishi kilo 4, yaani chini ya pakiti mbili za unga. Mtoto wake basi ana kibofu kidogo mno. Baba anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja jioni, akatarajia kukuta sakafu kavu, anadai muujiza, na hajauombea.

Kuna jambo lingine kuhusu mbwa hawa wadogo ambalo halisemwi vya kutosha. Mbwa mkubwa akikojoa ndani ni gharika. Kila mtu anaamka na kufanya jambo. Kijibwa kikikojoa ni kama kijiko cha chai nyuma ya kochi. Mtu anakanyaga kwa soksi, anaguna, anapangusa kwa tambara, anaendelea na taarifa ya habari. Wiki tatu zinapita hivyo. Mbwa naye, kila siku, anajifunza kwamba nyuma ya kochi ndipo mahali pake, na hajasikia kauli yoyote ya kumkanusha. Siku harufu inapochacha na wageni wakaja, ndipo tunashtuka na kumwita mkaidi. Mafunzo yalikuwa yakiendelea wakati wote huo. Mwalimu ndiye hakuwa darasani.

Na ndara je? Haifundishi kitu? Inafundisha, tena vizuri sana. Tatizo ni somo lenyewe. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yanayofuata papo hapo, katika sekunde chache. Ukimchapa kwa mkojo wa saa mbili zilizopita, hauunganishi na mkojo. Anauunganisha na kile kilichopo wakati huo: wewe, sauti yako, funguo zako mlangoni. Ukimchapa akiwa katikati ya kukojoa, anajifunza kwamba ni hatari kukojoa mbele yako. Kwa hivyo atakwenda chini ya kitanda, na hata ukimpeleka nje atajizuia mpaka umrudishe ndani ageuke pembeni. Ndipo unasema ana dharau.

"Lakini anajua amekosa," wenye mbwa huniambia. "Muone anavyoinamisha kichwa." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard kule New York alichapisha jaribio alilofanya na mbwa 14 pamoja na wenyewe. Mwenye mbwa alimkataza mbwa asile kipande cha chakula, akatoka chumbani. Akiwa nje, mbwa wengine walipewa chakula hicho na wengine hawakupewa, na mara nyingine mwenyewe aliporudi aliambiwa uongo kuhusu kilichotokea. Matokeo? Ile sura ya kukiri makosa, kichwa chini, macho pembeni, mkia katikati ya miguu, ilionekana zaidi mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hajala. Tena iliwatoka zaidi wale waliokaripiwa bila kosa lolote. Yaani tunachokisoma kama toba ni hofu tu. Mbwa anausoma uso wetu, na uso huo umekunjamana.

Hilo ndilo linalomfanya kijibwa cha mama yule kikojoe kinaposikia funguo. Mbwa mchanga mwenye woga huachilia mkojo kidogo mbele ya mkubwa wake ili kusema, mimi ni mdogo, usiniumize. Ni lugha ya kunyenyekea waliyozaliwa nayo. Baba anasikia tusi pale anapoombwa huruma, anachapa, na kesho mkojo unazidi. Mbwa wa namna hiyo usimwinamie juu kwa juu ukirudi nyumbani. Ingia kimya, weka mzigo, chuchumaa ukiwa umegeukia pembeni, umwache aje mwenyewe.

Nimesema hatuna urithi wa kufundisha mbwa choo. Hata hivyo urithi wa kufundisha kiumbe kichanga tunao, na ni wa kujivunia. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marten na Rachel deVries kuhusu Wadigo wa pwani yetu. Walieleza jinsi mama wa Kidigo alivyoanza kumzoesha mtoto haja angali wa wiki mbili au tatu. Aliketi chini akanyoosha miguu, akamweka mtoto katikati akiangalia mbele, kisha akatoa sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa, anabembelezwa au ananyonyeshwa. Kufikia miezi mitano au sita, mtoto alitarajiwa kuwa mkavu kwa kiasi kikubwa mchana na usiku, wakati ambapo Marekani wazazi walikuwa wakiambiwa wasubiri hadi mwaka mmoja na nusu. Wengi wenu mnaosoma haya mlikojoleshwa juu ya miguu ya nyanya zenu kwa sauti hiyo hiyo, hata kama si Wadigo.

Sisemi mtoto ni mbwa, msinipigie simu. Ninasema mama yule alikuwa na vitu vitatu: alijua wakati, alijua mahali, na alifurahi jambo lilipofanyika. Mchukulie kijibwa chako hivyo hivyo.

Wakati ni huu: anapoamka tu, hata kama ni usingizi wa dakika kumi. Dakika chache baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo nao huanza kusukuma. Baada ya kunywa maji, baada ya mchezo, kabla ya kulala, na mara moja au mbili usiku wa manane kwa wiki za mwanzo. Ukijumlisha, mbwa wa miezi miwili atapelekwa haja zaidi ya mara kumi kwa siku. Na kati ya nyakati hizo ana ishara zake: ananusa sakafu kwa bidii ya ghafla, anazunguka, anajitenga kuelekea pembe ya chumba. Ukiziona, usipige kelele. Mbebe.

Mahali pawe pamoja, siku zote. Harufu ya jana ndiyo kumbukumbu ya leo. Msimamishe hapo, nyamaza, mpe dakika tano. Chagua neno moja, na nyumba nzima ilitumie hilo hilo, si baba na lake, watoto na lao. Akimaliza, msifu hapo hapo, umpe kipande kidogo cha nyama au chembe ya chakula chake, kabla hajapiga hata hatua mbili. Ukisubiri hadi mfike jikoni, umemtuza kwa kutembea hadi jikoni. Asipofanya kitu, mrudishe ndani lakini usimwachilie; mshike mapajani au mfunge kamba fupi kiunoni mwako, kisha mrudie baada ya dakika kumi na tano.

Usipoweza kumtazama, mweke katika kizimba kidogo kinachomtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, chenye tandiko lake. Mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua anapolala. Ila kizimba si jela. Asiwekwe humo kwa saa nyingi kuliko kibofu chake kinavyoweza, wala kwa adhabu. Hapa kuna onyo kwa anayetaka kununua. Mbwa aliyezaliwa na kukulia kwenye kizimba kichafu, akilala juu ya kinyesi chake kwa sababu hakuwa na pengine, mara nyingi huwa amepoteza hisia hiyo ya asili, na kumfundisha huchukua muda mrefu zaidi. Ukifika kwa muuzaji, omba kuona mahali mama na watoto wanapolala. Akikataa, au akitaka mkutane kituo cha mafuta, rudi nyumbani na pesa zako.

Akikojoa ndani (na atakojoa) pangusa, nyonya unyevu wote kwa gazeti kuukuu au karatasi, kisha osha kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, au kwa sabuni yenye vimeng'enya ukiipata. Epuka dawa za kusafishia zenye amonia. Kwa pua ya mbwa zinanuka kama mkojo, na umemwandikia kibao cha choo pale pale. Klorini nayo usiimwage juu ya kidimbwi kibichi, maana ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, na mwenye kuivuta kwanza ni yaya aliyepiga magoti.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Wako watu wanaomnyima mbwa maji na chakula ili asichafue. Usifanye hivyo. Hawa wadogo mno, kama Chihuahua na Yorkshire, sukari ya damu yao hushuka upesi wakikosa kula kwa saa kadhaa wakiwa wachanga. Mbwa analegea, anatetemeka, anaweza kuzirai na kufa. Mpe chakula mara tatu au nne kwa siku kwa saa maalumu, ndipo na haja zitakuja kwa saa maalumu. Na mbwa aliyekuwa ameanza kuelewa akirudi nyuma ghafla, anakojoa matone matone, anajikaza, au mkojo una damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huo ni ugonjwa.

Mnaoishi orofani mna mtihani wenu. Kabla mbwa hajamaliza chanjo zake, karibu wiki ya 16, si salama kumtembeza kwenye kiwanja cha pamoja wanakopita mbwa wasiojulikana, kwa kuwa virusi vya parvo hukaa udongoni kwa miezi na huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Kwa hivyo tengeneza choo kwenye roshani: sinia pana la plastiki, udongo kidogo, na kipande cha nyasi kutoka kwa wale wauza miche wa kando ya barabara. Kibadilishe kila baada ya siku chache. Kinyesi kiondolewe kila siku na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, maana minyoo ya vijibwa huwaambukiza watoto wanaocheza chini na kutia vidole mdomoni.

Kisha kuna ngazi. Wengi wetu tunaishi jengo moja na majirani Waislamu, na kwa wengi wao mate na mkojo wa mbwa ni najisi inayomlazimu mtu kujiosha kabla ya swala. Mzee anayeshuka alfajiri kwenda msikitini hapaswi kukanyaga uzembe wako gizani. Mbebe mbwa mikononi hadi nje mpaka utakapomwamini, na chupa ya maji uwe nayo. Ukiniuliza, jirani huyo atajifunza mengi zaidi kuhusu imani yetu kwenye ngazi zile kuliko kwenye kipaza sauti chetu cha mkesha.

Yaya naye ana haki ya kukasirika. Mbwa alinunuliwa na baba, akaombwa na watoto, akapendwa na mama, lakini mkojo ukawa wa mtu ambaye hakuulizwa. Yeye tayari anapika, anafua, anawaoga watoto. Ukiongeza safari kumi za haja kwa siku bila kusema neno wala kuongeza shilingi, usishangae mbwa akiachwa afungiwe chooni na taa ikazimwa. Keti naye. Mweleze kazi, mwonyeshe namna, mwongezee malipo au mgawane zamu. Watoto wa darasa la nne wanaweza kabisa kushika zamu ya asubuhi kabla ya kwenda shule na ya jioni wakirudi, ndio walioomba.

Kuna mtu mwingine ndani ya nyumba ile ambaye mama hakumtaja hadi nilipouliza. Mtoto wao wa pili, wa miaka sita, bado anakojoa kitandani. Akaniambia kwamba tangu mbwa aanze kuchapwa, kijana huyo huamka usiku, anaanika shuka lake mwenyewe kimya kimya nyuma ya mlango, na asubuhi anasema alimwaga maji.

Nilinyamaza kidogo hapo. Unaona, mtoto huyo ametazama kila kitu. Ameona kiumbe mdogo kuliko yeye akiadhibiwa kwa jambo asiloweza kulizuia, lile lile analofanya yeye akiwa usingizini. Hakuhitaji kuambiwa lolote. Madaktari wanakadiria kwamba watoto kama 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka mitano bado wanakojoa kitandani, wengi kwa kurithi, kwa sababu ya usingizi mzito, au kwa kuwa mwili haujapunguza mkojo wa usiku. Wengi mno huacha wenyewe. Hata hivyo katika jamii zetu tumewaimbia nyimbo za kejeli, tumewabebesha magodoro juani mbele ya majirani, tumewachapa. Wako watu wazima makanisani mwetu ambao hadi leo hawapendi kulala ugenini.

Hosea sura ya 11 inamchora Mungu kama mzazi anayemfundisha mtoto kutembea, akimshika mikono. Anayefundisha kutembea huona mtoto akianguka mara nyingi kwa siku, na hakuna mzazi anayehesabu maporomoko hayo kama dhambi. Mithali 12:10 nayo inampima mwenye haki kwa jinsi anavyoyajali maisha ya mnyama wake, si kwa jinsi anavyoomba. Nimewahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini aya hiyo imo katika Biblia. Nadhani imo kwa sababu mnyama hawezi kukushtaki kwa wazee wa kanisa, na mtoto wa miaka sita pia hawezi.

Mkiona hamwezi, semeni mapema. Si kila nyumba inafaa mbwa, na hakuna aibu kumrudisha kwa aliyemuuza akiwa bado na afya, au kumtafutia familia yenye muda, au kumpeleka KSPCA, chama kinachotunza wanyama hapa Nairobi, na kueleza ukweli wa tabia zake. Kumtupa kando ya barabara usiku ni jambo jingine. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inalikataza, na hata isingekuwapo, ile kondoo mdogo wa maskini ambaye Nathani alimsimulia Daudi, aliyekula chakula cha mwenyewe na kulala kifuani pake, inatosha kutueleza Mungu anavyohesabu viumbe waliotuamini.

Nilimwambia mama yule ampe mumewe likizo ya ndara kwa wiki tatu, na wote wanne wagawane saa kwenye karatasi ya jikoni. Zulia alikunje aliweke juu ya kabati. Sakafu tupu hupanguswa haraka na haishiki harufu. Usiku, baba ndiye aamke, kwa kuwa ndiye aliyenunua. Akimpeleka mbwa roshani saa nane, ampitie na kijana, amwamshe taratibu aende msalani, na asubuhi asiulize habari za shuka.

Kisha akaniuliza kuhusu Jumapili. Ibada yetu ni saa tatu, ukiongeza matangazo, sadaka ya ujenzi na salamu za nje ni nne na nusu, na mbwa wao ana miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe. Nikamwambia baba aje ibada ya kwanza, ile ya Kiingereza, na yeye aje ya pili ya Kiswahili na watoto. Akasema yaya si yupo nyumbani? Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na Kumbukumbu la Torati 5:14 ilikuwa imeshampa kabla ya hapo. Yaya naye ana kanisa lake, kule Kawangware, na ibada yao huanza saa nne.